Kushuka klasi ya 5 korongoni mbali na barabara, timu yetu inatosha au bado?

MtuWaKasia

Habari zenu wadau wa maji makali. Naomba ushauri kutoka kwa waliowahi kushuka mito mikali ya mbali kabisa, sio ile ambayo ukichoka unapanda juu unakuta gari linakusubiri. Sisi ni kundi la marafiki kumi, wote tunarafti muda mrefu, yaani kushuka mito kwa boti za kujazwa upepo, klasi ya 4 (klasi ni kipimo cha ugumu wa mto, namba ikipanda ugumu unapanda) tunashuka vizuri tu na klasi ya 5 tumeshagusa ila ni ile ya poromoko moja, chini yake maji yametulia, mnajikusanya, mnacheka, mnaendelea, na barabara ipo hapo hapo juu.

Sasa tunataka kushuka mto ambao mteremko wake wa wastani ni kama mita 20 kwa kilomita, umekaa ndani ya korongo lenye kuta pande zote mbili, siku tatu mpaka mtoke upande wa pili, na katikati hamna pa kutokea isipokuwa sehemu moja ambapo kijito kinaingia kutoka pembeni, wanasema ukifuata kile kijito kwa miguu unatoka lakini ni kazi ya mchana kutwa. Maji yanatokana na theluji huko milimani kwa hiyo ni ya baridi na yanapanda na kushuka.

Maswali yangu ni haya: tuende na rafti mbili za futi 14 watu watano watano, au tatu ndogo? Nahodha awe na makasia marefu kwenye fremu inayofungwa juu ya boti au wote tupige kasia fupi? Na kiwango gani cha maji ndo cha kusema hapana, tunarudi nyumbani? Maana kuna mwenzetu mmoja anasisitiza maji yakiwa mengi ni afadhali kwa sababu mawe yanafunikwa, mimi roho inasita. Naomba mfunguke jamani, hata kama jibu ni "msiende".

KorongoRefu

Mkuu umeuliza vizuri na umeuliza mapema, ngoja nianze na huo mteremko maana watu wengi wanausoma vibaya. Mita 20 kwa kilomita ni namba kubwa. Cherry Creek kule California, ile sehemu ya juu ya Tuolumne ambayo manahodha wa Marekani wanaitumia kama kipimo cha mtu kujua klasi ya 5 au hajui, ina wastani wa kama mita 21 kwa kilomita. Colorado ndani ya Grand Canyon ni kama mita moja na nusu tu kwa kilomita, na bado ina mawimbi ya kupindua boti kubwa kwa sababu maji ni mengi mno. Kwa hiyo mteremko peke yake haukwambii kitu mpaka ujue umegawanyika vipi na maji ni kiasi gani. Mita 20 zinaweza kuwa maporomoko machache yenye maji tulivu katikati, hapo mnaweza kuishi. Zinaweza pia kuwa kilomita nzima inateremka bila kupumua, jiwe baada ya jiwe, na hapo ndo pagumu, kwa sababu anayedondoka juu anapita kila kitu mpaka chini.

Chukua ramani yenye mistari ya kimo, gawa mto vipande vya kilomita moja moja, andika kila kipande kinashuka mita ngapi. Ukikuta kipande cha mita 35 au 40 hapo weka alama nyekundu, halafu tafuta picha za setilaiti za kipindi maji yamepungua uone mawe yamekaaje.

Kitu cha pili. Ile skeli ya kimataifa ya ugumu wa mito, kama inavyotumiwa na American Whitewater, shirika la Marekani la wadau wa maji makali, inasema wazi kwamba maji yakiwa ya baridi, au mto ukiwa mbali na mgumu kufikika, acha nafasi zaidi ya usalama kati ya uwezo wenu na klasi ya mto. Kwenu yote mawili yapo. Na klasi ya 5 yenyewe haina dari, ndo maana wanaigawa 5.0, 5.1, 5.2 na kuendelea, kila ngazi ikiwa na ugumu wa kutosha kuitwa klasi nyingine. Kwa hiyo "tumeshuka klasi ya 5" ni sentensi inayobeba vitu vingi sana ndani yake, 5.0 ya kando ya barabara na 5.1 ya korongoni ni dunia mbili.

Sasa swali ambalo mimi ningelianza nalo kabla ya boti na makasia: kwa kila poromoko, mtu akidondoka hapa, anasimamishwa wapi na nani? Kama hamwezi kuonyesha kwa kidole "edi ile, na fulani amesimama pale na kamba" (edi ni pale nyuma ya jiwe au kando ambapo maji yanatulia na kurudi juu, ndo pa kusimama), basi poromoko hilo hamjalipitisha hata kama mstari wa boti unaonekana mweupe kama barabara. Kwenye klasi ya 5 mnapinduka. Timu nzuri kabisa zinapinduka. Kinachotofautisha ni nini kinatokea dakika mbili baada ya hapo.

Dada_Mkondo

Naunga mkono na naomba nijibu la kiwango cha maji, maana huyo mwenzenu anayesema maji mengi ni afadhali anahitaji kuelezwa vizuri kwa upendo lakini aelezwe.

Ni kweli maji yakipanda mawe mengine yanafunikwa na kwenye mito mipana hiyo inasaidia. Lakini kwenye korongo jembamba lenye mteremko, maji hayana pa kwenda kupanuka, yanapanda juu na yanaongeza kasi, na cha kwanza kupotea ni edi. Zile sehemu za kusimama na kukagua zinafutika moja baada ya nyingine. Maporomoko matatu ambayo maji yakiwa ya wastani kila moja lina mapumziko yake yanaungana yanakuwa moja refu. Halafu kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma boti au mtu aliyenasa haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa hiyo kamba zenu, nguvu zenu na muda wenu vyote vinakuwa vidogo ghafla.

Maji kidogo nayo yana ubaya wake, tusidanganyane. Mawe yanachomoza, boti inanasa kila dakika, na zile sehemu ambazo maji yanachujwa katikati ya mawe yaliyorundikana zinafunguka, maji yanapita, mtu hapiti. Hizo mimi naziogopa kuliko holi, yaani pale maji yanapoanguka juu ya jiwe na kujikunja kurudi nyuma. Holi kubwa mara nyingi inakuzungusha halafu inakutema, mawe yanayochuja maji hayatemi.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni dirisha. Ongea na walioshuka mto huo huo, waulize siku hiyo kipimo kilisoma ngapi, na uhakikishe mnaongelea kipimo kimoja kwa sababu Wamarekani wanatumia futi za ujazo kwa sekunde na wengine mita za ujazo, mita moja ya ujazo ni kama futi 35. Nimeona watu wanachanganya hapo. Mkishajua dirisha, andikeni namba ya juu kabisa mkiwa bado nyumbani, akili zikiwa zimetulia, na mkubaliane kwamba ikizidi hiyo namba asubuhi ya kuingia, hakuna mjadala. Ukiuacha uamuzi huo mpaka mfike mtoni, boti zimeshajazwa upepo na kila mtu ameomba ruhusa kazini, namba zinaanza kupata maelezo.

Na kwa sababu maji yenu ni ya theluji: jua linayeyusha mchana, lakini hayo maji yanachukua muda kuwafikia, kwa hiyo kilele kinaweza kuwapitia jioni au hata usiku wa manane kutegemea mko umbali gani kutoka juu. Mkifika kambini, kabla ya kitu kingine chochote, chomekeni kijiti pale pale maji yanapogusa mchanga, kingine vidole vinne juu yake. Angalieni kabla ya kulala, angalieni mkiamka. Boti ziburutwe mbali na zifungwe kwenye kitu kisichosogea, mti hai au jiwe kubwa, sio gogo. Siku mbili tatu za joto kali mfululizo, au mvua kunyesha juu ya theluji, hapo mto unaweza kuwa mwingine kabisa na ule mliokuja kuushuka.

Fremu_na_Kasia

Mimi nijibu la boti, ndo eneo langu. Rafti mbili za watu watano watano sikupendekezei. Sababu ni moja tu: moja ikinasa au ikichanika mnabaki na moja ya watu kumi ndani ya korongo. Tatu za futi 13, watu watatu au wanne kila moja, ndo mpangilio ninaoupenda, zinageuka haraka na zinaingia kwenye edi ndogo ambazo ya futi 14 iliyojaa mizigo inazitazama tu ikipita. Zote ziwe za sakafu inayotoa maji nje yenyewe, hilo halina mjadala, boti ikijaa maji mita moja ya ujazo tayari ni tani moja umeongeza na hiyo tani haisikii amri ya nahodha.

Makasia marefu au mafupi, hapo watu wanagombana miaka yote. Kwenye mto mkubwa wa maji mengi makasia marefu ni raha, mtu mmoja anaweza kushika pembe na kusukuma boti zito kupita wimbi. Kwenye korongo jembamba lenye mawe, kasia refu linagonga jiwe, linaruka, linaweza kumpiga mtu kifuani au kuvunjika, na kuna milango ya mawe ambayo upana wa makasia haupiti kabisa, inabidi uyakunje ndani na kwa sekunde hizo huna usukani. Ndo maana wengi kwenye mito ya mteremko wanafunga fremu ndogo nyuma kabisa ya boti, nahodha yuko nyuma na makasia marefu, mbele wawili au wanne wanapiga kasia fupi. Unapata usukani wa nyuma na nguvu ya mbele. Ila hiyo fremu ni chuma au alumini, boti ikipinduka ipo juu ya vichwa vyenu, kwa hiyo kona zake zifunikwe na isiwe na kamba yoyote inayoning'inia. Kamba inayoning'inia ndani ya boti ni mtego, nasema hivi kwa uzito wote.

Mizigo: punguzeni mpaka iume. Mzigo unaifanya boti ipite holi vizuri kwa sababu ina uzito wa kusukuma, sikatai, lakini boti hiyo hiyo mtaibeba mabegani mkikutana na poromoko la kupita kwa miguu, juu ya mawe yenye utelezi. Kila mfuko ufungwe kwa mkanda wake, sio kutupia wavu mmoja juu. Pindueni boti nyumbani kwenye maji tulivu na mizigo yote ndani muone nini kinadondoka, halafu mfanye zoezi la kuigeuza mkiwa mmevaa kila kitu, kila mtu kwa zamu, mpaka yule mdogo kabisa wa kundi aweze kupanda juu ya boti iliyopinduka bila kusukumwa.

KorongoRefu

Nakubaliana na @Fremu_na_Kasia kwa mengi ila nataka kubadilisha kitu kimoja, boti ya tatu. Mimi ningechukua rafti mbili za watu wanne na kayaki mbili, vile viboti vyembamba vya mtu mmoja, kwa watu wanaozijua kweli kayaki. Mtu wa kayaki anatangulia, anakagua edi, anasimama chini ya poromoko kabla boti haijaingia, na mtu akidondoka anamfikia kwa sekunde ambazo rafti bado inageuka. Rafti inamfukuza muogeleaji kwa shida sana kwenye mteremko kwa sababu inapita mule mule alimopita yeye, kila holi, kila jiwe.

Fremu_na_Kasia

Ni sawa kabisa mkuu, kama kayaki hao wapo. Ila kayaki wa klasi ya 4 kuwekwa kuwa mwokoaji kwenye klasi ya 5 ni kuongeza muogeleaji mwingine. Kama ndani ya hao kumi hakuna wawili wanaoshuka klasi ya 5 kwenye kayaki wakiwa wametulia, rafti ya tatu ni bora.

KambaNaKapi

Naona mmeongea yote isipokuwa boti kukumbatia jiwe, na kwenye mto wenye mawe hilo ndo litawakuta kabla ya mengine yote. Nieleze kwa urefu kidogo mnisamehe.

Boti ikienda upande upande na kugonga jiwe, upande wa juu wa mto unaanza kuvutwa chini na maji. Mnayo sekunde moja au mbili. Amri inatoka, na kila mtu anaruka kwenda upande wa JIWE, sio kukimbia jiwe. Mwili unakataa kwa sababu macho yanaona jiwe linakuja, ndo maana lazima mlifanye zoezi mpaka miguu iende yenyewe. Uzito ukienda kwenye jiwe, upande wa juu unapanda, maji yanapita chini, mara nyingi boti inazunguka inaondoka. Mkichelewa, maji yanaingia, boti inajikunja kwenye jiwe na hapo mmeshaingia kwenye kazi ya kamba.

Kazi ya kamba ina mpangilio. Watu kwanza, hesabu vichwa, wote wawe nchi kavu au juu ya jiwe. Halafu mtu mmoja aende chini ya mto na mfuko wa kamba na mwingine juu ya mto kuangalia kinachokuja, ndo mguse boti. Jaribuni vitu vidogo kabla ya vikubwa: hamisheni uzito, toeni upepo kwenye chumba kimoja kama mnaweza kukifikia, vuteni kwa mikono watu wote kwa pembe tofauti. Mara nyingi boti haitoki kwa nguvu zaidi, inatoka kwa pembe nyingine. Ikishindikana ndo mfunge mfumo wa kapi wa tatu kwa moja, ambao kwenye karatasi unakupa nguvu mara tatu lakini msuguano unakula sehemu yake, na mkitumia karabina tupu, ile pete ya chuma yenye mlango, badala ya kapi unakula zaidi. Kamba iwe ile isiyovutika, ikivutika na ikakatika inarudi kama fimbo. Nanga, yaani sehemu mnazofungia kamba, zigawanye uzito kwenye mawe mawili au matatu, na pembe kati ya mikanda isifike nyuzi 120 kwa sababu hapo kila mkanda unabeba mzigo wote peke yake, mmegawa bure. Mkishakaza, kuna ujanja mwingine, vuteni kamba iliyokazwa kwa pembeni katikati yake, hapo mnaongeza nguvu kubwa kwa watu wawili tu. Na hakuna anayesimama kwenye mstari wa kamba iliyokazwa, hata kwa kupita.

Kila boti iwe na vifaa vyake vya kamba. Vikiwa vyote kwenye boti moja, hiyo ndo itakayonasa.

Kuhusu kuogelea: mmefundishwa wote kulala chali miguu mbele, ni sawa pale unaposubiri, lakini kwenye mteremko mkali ukilala chali unasubiri kitu kibaya zaidi. Pumua, angalia edi iko wapi, geuka tumbo na uogelee kwa nguvu zote kuelekea huko. Usisimame mpaka maji yawe chini ya goti, mguu ukinasa kati ya mawe maji yanakusukuma mbele na kichwa kinazama hata kwenye maji ya kiunoni. Ukiona mti umelala mtoni na huwezi kuukwepa, usiufikie kwa miguu, uogelee kichwa mbele uurukie juu, pandisha kifua. Kamba ikirushwa shika kamba, sio mfuko, na usiizungushe mkononi kamwe.

MtuWaKasia

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbili na nimewatumia wenzangu wote. Yule wa maji mengi amesoma maelezo ya Dada_Mkondo na amenyamaza, nadhani imeingia.

Nimekaa na ramani kama KorongoRefu alivyosema. Kuna kipande cha kilomita moja kinashuka mita 38 na kipo siku ya pili, chini kidogo ya kile kijito cha kutokea, na kwenye picha naona mawe makubwa kama nyumba yamerundikana. Je hapo mtu anapanga toka nyumbani kubeba boti kupita kwa miguu, au anaamua akifika?

Swali la pili ni gumu kwangu kwa sababu ni rafiki yangu. Tuna mtu mmoja ni mpiga kasia hodari kuliko wote, lakini kuogelea kwake ni kwa wasiwasi, akidondoka anaganda. Tumuweke boti yenye nahodha bora?

Dada_Mkondo

La pili nalijibu mimi. Hapana ndugu yangu, asije kwenye safari hii. Najua inauma. Boti yenye nahodha bora nayo inapinduka na ikipinduka yeye ndo anabaki ndani ya maji na hofu yake, na nyie tisa wote mnaelekeza nguvu zenu kwake huku boti zinaondoka. Kwenye Cherry Creek kampuni zinazopeleka wateja zinawajaribu kwanza kuogelea na nguvu kabla ya kuwaruhusu, na hiyo ni safari ya siku moja. Mpelekeni mto wa klasi ya 3 wenye maji tulivu chini, aruke ndani kwa hiari yake, aogelee kuingia edi, adakwe kwa kamba, arudie mpaka uso wake ubadilike. Mwaka mwingine aje. Na nyie wengine mfanye hivyo hivyo, mkiwa na nguo zote na laifu jaketi zenu zile zile, kwenye maji ya baridi. Kwenye maji ya baridi sana dakika ya kwanza ni ya kupambana na pumzi tu, baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza. Watu wanadhani hatari ni kuganda baada ya saa nzima, kumbe vidole vinaacha kushika kamba mapema sana. Draisuti, lile vazi lisilopitisha maji, kwa kila mtu.

KorongoRefu

Kipande cha mita 38: panga kubeba toka nyumbani. Weka muda wake, weka nguvu zake, weka kamba zake kwenye ratiba kana kwamba hakuna uwezekano wa kushuka. Mkifika mkakuta kunashukika na wote mmekubali, mmepata muda wa ziada. Kinyume chake ni kwamba mnafika saa kumi jioni mmechoka, kubeba kunaonekana kurefu, na mstari wa katikati unaanza kuonekana mzuri. Korongo la Batoka kwenye mto Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, wanashusha wateja msimu baada ya msimu, manahodha wanaijua kila jiwe, na bado poromoko namba 9 wateja wanatembea kando. Hakuna anayeona aibu.

Na kabla ya kuingia kipande hicho hakikisha unajua kwa uhakika edi ya mwisho iko wapi, na boti zote zisimame kwenye edi ya kabla ya hiyo ya mwisho. Ukisimamisha boti tatu kwenye edi ya mwisho na ya tatu ikakosa nafasi, imeshaondoka.

Kukagua: tembea mpaka chini kabisa kwanza, halafu kagua ukirudi juu. Ukianzia juu macho yanavutiwa na mlango wa kuingilia na unaingia nao kichwani, wakati hatari iko kwenye kutoka. Tupa kijiti kikubwa uone kinakwenda wapi. Kuna holi moja niliwahi kusimama juu yake tukitazama gogo refu kama mtu, linazama, linachomoza, linageuka, linarudi kwenye povu, linazama tena, tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi na gogo halikutoka. Tulifungua mizigo tukabeba bila mtu yeyote kusema neno.

Filimbi3

Naomba kuongeza mambo ya dharura. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti chukueni viwili, boti tofauti, lakini msivitegemee ndani ya korongo jembamba, kuta zinaziba anga na ujumbe unaweza kukaa muda mrefu bila kutoka. Mkiona sehemu pana yenye anga, weka alama kwenye ramani. Korongo la Stikine kule British Columbia kuta zinafika mita 300, mahali kama hapo hata helikopta ikija haina pa kutua. Kwa hiyo hesabuni kwamba msaada ni nyie wenyewe mpaka siku ya pili. Angalau wawili wawe wamesomea huduma ya kwanza ya porini na wawili uokoaji wa maji ya kasi, na wasiwe boti moja.

Mtu akitolewa majini hapumui, mpeni pumzi. Aliyezama moyo umesimama kwa sababu ya kukosa hewa, kwa hiyo kubonyeza kifua peke yake hakutoshi. Wataalamu wa Ulaya wanafundisha kuanza na pumzi 5 kabla ya kubonyeza. Fanyeni mazoezi na mjue nani anafanya nini.

Filimbi kila mtu, imefungwa kwenye jaketi. Milio mitatu mirefu ni dharura. Mkono wima juu ni pita, mikono imenyooka pembeni ni simama, kujigonga kichwani kwa mkono ni "niko salama" na yeye akijibu hivyo hivyo unajua amekuelewa. Na ukielekeza mtu kwa kidole, elekeza pa kwenda, usielekeze hatari. Kwenye kelele ya maji mtu anafuata kidole.

MtuWaKasia

Nimemwambia rafiki yangu leo. Alikaa kimya kidogo halafu akasema atashughulikia magari na atakaa upande wa kutokea na simu ya setilaiti na ramani yetu, kwa hiyo sasa tuko tisa: rafti mbili za watu wanne wenye fremu ya nyuma na kayaki mmoja, huyo anashuka klasi ya 5 kweli, nimeshamuona. Natafuta wa pili mwenye uwezo huo, nisipompata basi mmoja wa kila rafti anahamia ya tatu. Mwezi mzima ujao tunashuka mto wa klasi ya 5 ulio karibu na barabara, tukiwa na mizigo yote ya siku tatu ndani, na tunageuza boti kila siku. Namba ya maji tumeiandika na wote tumesaini.

Swali la mwisho, @KambaNaKapi, hilo jaketi la uokoaji lenye mkanda wa kujifyatua, wavae wote au waliosomea tu?

KambaNaKapi

Waliosomea tu. Ule mkanda asiyeujua anaufungia kamba vibaya na haufyatuki maji yakimvuta, au anaugeuza kuwa kishikio cha kila kitu. Wengine jaketi la kawaida lenye nguvu kubwa ya kuelea, limekazwa mpaka ukivutwa mabegani lisipande masikioni. Na kabla hujamfunga mtu kamba mgongoni kumtuma majini, mfyatue mara kadhaa pale pale ufukweni kwenye mkondo mdogo, uone mkanda wenyewe unatoka.

MtuWaKasia

Nimepata. Kipimo cha maji natazama kila asubuhi kuanzia sasa, nitaweka namba hapa wiki ya kuingia mnisaidie kuzisoma.

Dada_Mkondo

Weka na joto la mchana huko juu milimani pamoja na hizo namba, siku tano nyuma. Nitakuwepo.